Hamad, chumvi bado sijanunua

Hamad ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Natumai huko Micheweni mu wazima, Bi Asha na watoto, na goti la mzee limepata nafuu. Huku hatujambo, joto tu. Najua nimekaa kimya tangu Mfunguo Mosi, lawama zako nimezipokea zote, hata ile ya mwisho iliyozidi.

Sasa chumvi. Gunia 10 ulizoniagiza za kutia minazini sijanunua, na usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Minazi unayo 40. Gunia 10 za kilo 50 ni kilo 500, yaani kilo 12 na nusu kwa kila mnazi! Mnazi mkubwa unatosheka na kilo 2 hivi kwa mwaka mzima. Ukimwaga zote hizo, migomba na mihogo uliyochanganya humo ndiyo itakayoungua mwanzo.

Lakini hesabu ya gunia ni jambo dogo. Lililonitoa usingizini ni maneno yako: "Januari nimetia, Aprili Kombo kaangua nazi tele, basi chumvi imefanya kazi." Hamad, nazi tangu karara, lile ganda la maua, lipasuke mpaka ikomae ni kama mwaka. Hizo alizoangua mkwezi wako Kombo mwezi wa Aprili zilikuwa upunga, maua tu, Aprili ya mwaka jana. Na upunga wenyewe huanza kufanyika ndani ya kilele cha mnazi zaidi ya miaka miwili kabla haujaonekana. Chumvi yako ya Januari imezikuta zimeshapita udafu, haikuzidisha hata moja. Wahenga walisema hata jogoo asiwike kutakucha. Wewe unataka kumpa jogoo mshahara, tena wa gunia 10.

Utaniuliza, mbona basi zilizidi? Nami nakuuliza, chumvi ulitia lini? Ulitia baada ya Kombo kushuka na nazi chache mpaka mkaoneana haya. Hakuna anayetafuta dawa mnazi ukizaa vizuri. Dawa hutafutwa mambo yakishafika chini kabisa, na yakishafika chini, mara nyingi zamu inayofuata hurudi kwenye kawaida yake, utie chumvi, utie majivu au uuimbie taarab. Aliyetia majivu naye angekuandikia barua kama hii yako.

Sisemi chumvi ni uongo. Mnazi unataka kloridi iliyomo ndani ya chumvi, na Ufilipino wakulima wanaitia kwa makusudi kwenye mashamba yaliyo mbali na bahari. Hilo shamba lako la juu labda litafaidika kweli. Lile la pwani linapata chumvi ya upepo bure. Mtu anaweza kufanya jambo la sawa kwa sababu isiyo sawa. Ulaya zamani walidhani malaria inaletwa na hewa mbaya ya mabwawa, na kwa Kitaliano ndiyo maana ya neno lenyewe. Aliyefunga madirisha usiku akiikimbia hewa alipona kweli, kwa kuwa dirisha lilimzuia mbu. Mpaka 1897, kule India, ndipo daktari Ross alipokiona kijidudu cha malaria tumboni mwa mbu.

Na hili la maji moto, wale chungu wekundu wa mitini, tafadhali, dawa usipulize! Kombo anasema minazi yenye maji moto haizai. Kombo ndiye anayeng'atwa, Hamad. Minazi hiyo huiruka au huiangua juu juu, kisha nazi chache alizoshuka nazo zinahesabiwa kuwa ndizo zilizozaliwa. Ama vidaka, zile nazi changa zinazoanguka, vingi mnazi wenyewe hauwezi kuvilea, huviacha. Vilivyodungwa utavijua: vina kovu la kahawia lililobonyea, na pengine utomvu umeganda ubavuni. Hiyo ni kazi ya kunguni wa minazi, mdudu wa kahawia mwenye urefu unaozidi sentimita moja kidogo. Jina lake la kitaalamu ni Pseudotheraptus wayi, kapewa kwa heshima ya Way, Mwingereza aliyefanya utafiti huu hapa hapa Unguja miaka ya 1950. Na anayemfukuza mdudu huyo ni maji moto. Ukiwaua, mwakani utaokota vidaka kwa pakacha. Adui wa maji moto ni wale sisimizi wadogo wa chini, na hao nadhani Kombo hana ugomvi nao.

Kwa hivyo nakuletea gunia 1, basi. Fanya hivi. Minazi 40 ipange mbili mbili, inayolingana umri na mahali, ya pwani na ya pwani, ya juu na ya juu. Kila jozi rusha sarafu, mmoja upate chumvi, mwenzake usipate. Usiuchague wewe, utaupa ule unaoupenda. Piga alama ya rangi. Kila mnazi wa chumvi kilo 1 masika yanapoanza na kilo 1 vuli, uinyunyize duara, mita moja hivi kutoka shinani, usiirundike kwenye shina. Minazi 20 kwa kilo 2 ni kilo 40, na kilo 10 zinazobaki mpe Bi Asha za samaki. Nazi zihesabiwe na mtu asiyejua rangi ina maana gani, kila mnazi peke yake, kila baada ya miezi mitatu. Kombo asihesabu, Kombo tayari ana maoni. Mwaka wa kwanza usiuamini, nazi zake zilishakuwamo. Angalia wa pili na wa tatu.

Najua utasema miaka mitatu ni mingi. Deni la gunia 10 nalo ni refu, na lile la saruji bado hatujamaliza kulizungumza.

Sasa niambie: lile daftari la mavuno la marehemu baba yako lipo bado, au limeliwa na mchwa? Vuli ya mwaka juzi mvua ilikuwaje huko? Vidaka vilivyoanguka umevipasua hata kimoja ukaona ndani? Vinaanguka chini ya minazi ya maji moto tu, au na ile mingine hujaitazama? Na Faki, kaoa kweli au ni maneno ya barazani? Nijibu kabla ya meli ya Jumamosi nijue gunia nampa nani.

Wako,
Mselem