Mita Nne kwa Dirisha la Mita Moja na Nusu: Kitambaa Chako Hakikuibiwa

Mteja wetu mmoja alifika kwenye karakana yetu ya mapazia na mfuko wa kitambaa, akasema mbele ya watu kwamba tumemwibia. Neno hilo tumeshalisikia mara nyingi, nasi linatuuma kila mara, kwa hiyo leo tunalijibu kwa hesabu.

Tulikuwa tumempimia dirisha la sebule, upana mita 1.5, tukamwandikia mita 4 za kitambaa. Akaenda Kariakoo, akarudi na mita 4. Fundi alipokikunjua kile kitambaa akamwambia aongeze mita 4 nyingine na ushee. Hapo ndipo yule mama alipopandisha sauti, na namwelewa. Lakini karatasi tuliyompa ilisema kitambaa cha upana wa mita 2.80. Alichonunua kilikuwa cha mita 1.40, kwa sababu mita yake ilikuwa ya bei ya chini.

Hesabu iko hivi. Bomba la kuning'inizia pazia linapita dirisha sentimita 20 kila upande ili pazia likifunguliwa lisizibe mwanga, kwa hiyo tuna mita 1.90. Pazia lisilo na mikunjo linaning'inia kama shuka kwenye kamba, basi tunazidisha mara mbili: mita 3.80. Vipande ni viwili, kila kimoja kina pindo huku na huku, sentimita 20 nyingine zimekwenda. Jumla mita 4. Kitambaa cha 2.80 tunakilaza, upana wake unakuwa urefu wa kutoka bombani hadi sakafuni, na kinachobaki ni pindo la juu na la chini. Cha 1.40 hakilaziki, kwa sababu hakitafika sakafuni. Lazima tukate vipande vitatu vya mita 2.70 tuviunge, na hiyo ni mita 8.10. Kitambaa kilichoonekana rahisi kimekula mara mbili, na mishono ya kuunga juu.

Aliporudi dukani kuongeza, rola ile ya kitambaa ilikuwa imekwisha. Rola mpya ilikuwa rangi ileile kwa jina tu. Ukiziweka pamoja dirishani zinajitenga. Kwa hasira akaamua nyumba nzima iwe blaindi, zile za kuviringisha au za vipande zinazowekwa badala ya pazia, akapima mwenyewe kwa futi, akaagiza kwa mtu mwingine.

Hapa wengi ndipo wanapoumia zaidi. Pazia likipungua unashusha pindo, likizidi unakunja. Blaindi ikishakatwa imekatwa: kupunguza ni kazi ya fundi, kuongeza haiwezekani. Ya kukaa ndani ya fremu inapimwa juu, katikati na chini, kisha unachukua kipimo kidogo kuliko vyote, kwa sababu kuta zetu za plasta hazinyooki. Dirisha lake la jikoni lilipishana sentimita 1.5 kati ya juu na chini. Yeye alipima juu tu. Blaindi ikakwama katikati ya safari, na chumba cha watoto, ambako nondo za dirisha ziko kwa ndani, haikuingia kabisa.

Ndiyo maana hatutoi bei kwa picha ya simu. Fundi anakuja, anapima, anaangalia nondo ziko upande gani, dirisha linafunguka vipi, jua la jioni linapigia wapi. Nauli ya fundi imo ndani ya bei yetu na hatuifichi.

Jikoni, kama jiko la gesi liko karibu na dirisha, pazia hatushoni hata ukilipa. Moto ni moto, na mafuta ya kukaangia yakishaingia kwenye nyuzi hayatoki. Weka blaindi ya kufutika kwa kitambaa na sabuni. Bafuni pia blaindi, ila ya plastiki. Kuna mteja alisisitiza mbao halisi apendeze. Mvuke ulivipinda vipande kama pinde. Walio karibu na bahari, Kigamboni au Kunduchi, waulize kwanza vishikizo ni vya chuma gani. Tumeshabadilisha vilivyoshika kutu huku blaindi yenyewe bado mpya.

Chumba cha kulala ndicho kinachotuletea simu nyingi. Muuguzi mmoja anayeingia zamu ya usiku aliweka blaindi za pundamilia, zile za mistari, kwa sababu alizipenda kwa rafiki yake. Mchana mwanga ukawa unapenya pembeni na hapati usingizi. Blaindi ya ndani ya fremu huacha upenyo kila upande, hiyo haina dawa. Tulimwongezea pazia zito lenye bitana nyeusi, pana kupita fremu, akalala. Angetuuliza mapema angelipa mara moja tu.

Sebule inayotazama magharibi inataka vitu viwili: neti ya mchana na pazia lenye bitana kwa jua la jioni. Bila bitana, rangi inafifia kwenye mikunjo inayoelekea kioo na kwingine inabaki. Na ukitaka blaindi za matundu madogo, zile unazoona nje bila kuonekana, jua kwamba usiku taa ikiwaka mambo yanageuka: wa nje anakuona wewe. Familia moja ya ghorofani iliambiwa hivyo na jirani.

Wenye watoto wadogo, mnyororo wa blaindi usiachwe ukining'inia. Kitanzi kile kinaweza kumnyonga mtoto. Sisi tunaufunga ukutani kwa kishikizo bila kuongeza bei, na kitanda cha mtoto tunaomba kisogezwe mbali na dirisha.

Kama umepanga nyumba ya mtu, nakushauri pazia, hata kama blaindi ningepata faida zaidi. Ukihama, pazia unahama nalo na fundi analirekebisha. Blaindi iliyokatwa kwa dirisha la mwenye nyumba mara nyingi inabaki na mwenye nyumba.

Yule mama alirudi. Blaindi ya jikoni tulimpunguzia upana, ya chumba cha watoto tukaifunga nje ya fremu. Sebuleni alinunua kitambaa cha 2.80, mita 4 kamili, na mabaki ya kukata alipewa mkononi akaondoka nayo. Zile mita 4 za kwanza zimekuwa mapazia mafupi ya madirisha madogo ya korido na stoo.