Vitu vya kuchezea sungura wetu

Habari za jioni, wapendwa. Kabla ya kukutana Jumamosi, naomba kila mmoja aanze kutengeneza kitu cha kuchezea sungura wake. Sungura anayekaa kizimbani bila shughuli huanza kutafuna nyaya za kizimba, na hilo linaniumiza kuliona.

Meno ya sungura hayaachi kukua, kwa hiyo kutafuna ni lazima kwake. Chukueni bomba la katoni linalobaki karatasi ya chooni ikiisha, lijazeni nyasi kavu, ficheni humo kipande kidogo cha karoti. Atalihangaikia kwa muda mrefu. Boksi nalo ni zuri sana: toboeni matundu mawili, la kuingilia na la kutokea, ila kwanza ondoeni selotepu na pini zote.

Ninachokipenda kuliko vyote ni mpira wa maganda makavu ya mgomba, kama ule watoto wanaouchezea vijijini. Usokoteni kwa maganda yenyewe tu. Msitie kaveera (mfuko wa plastiki) ndani wala kamba ya nailoni, maana akimeza vitamziba tumbo.

Matawi ya mforosadi yanafaa, mradi mti haujapuliziwa dawa. Ya ovakado hapana kabisa, hata jani moja! Najua mti huo uko karibu kila ua hapa Kampala, lakini una sumu kwa sungura. Tafadhali waambieni na watoto.

Wekeni vitu hivyo alfajiri au jioni, ndipo huchangamka zaidi. Mama Nakato, usisahau yale maboksi ya dukani.