Saa 24 si saa 40

Ndugu Mhariri,

Gazeti hili nimelisoma kwa miaka mingi bila kuwasumbua, lakini taarifa yenu kuhusu vijana wetu wanaokwenda Kanada kusoma huku wakijilipia ada siwezi kuinyamazia. Mmeandika kwamba mwanafunzi hufanya kazi bila kikomo. Ruhusa hiyo ilikuwa ya muda tu: ilianza Novemba 15, 2022, ikaisha Aprili 30, 2024. Tangu Novemba 8, 2024, kikomo ni saa 24 kwa wiki nje ya chuo wakati masomo yanaendelea.

Mawakala wanaishi kwa makosa kama hilo. Hapa mezani ninayo karatasi ya wakala mmoja wa Kampala, ina muhuri kabisa, aliyopewa mama mmoja ambaye tayari anatafuta mnunuzi wa kibanja chake Mukono. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: saa 40, mara dola 17, mara wiki 52, jibu dola 35,360. Jibu limepigiwa mistari miwili, na chini yake yapo maneno "ada imelipika". Sasa tupige hesabu ya kweli. Kima cha chini cha mshahara katika jimbo la Ontario tangu Oktoba 1, 2025 ni dola za Kanada 17.60 kwa saa. Saa 24 ni dola 422.40 kwa wiki kabla ya makato. Hata akishika saa hizo wiki zote 52 bila kuugua, atapata dola 21,964.80. Kanada yenyewe inamtaka mwombaji asiye na familia aonyeshe dola 22,895 za kujikimu kwa mwaka, mbali na ada ya mwaka wa kwanza na nauli. Yaani mshahara wote haufikii hata chakula na kodi ya chumba, na ada ya shahada ya kwanza kwa mgeni ni wastani wa dola 40,000 hivi kwa mwaka! Ni kweli kwamba likizo iliyo kwenye kalenda ya chuo haina kikomo hicho, lakini lazima awe alisoma muda wote kabla ya likizo na arudi kusoma muda wote baada yake. Mama huyo hakuambiwa lolote kati ya haya.

Wanafunzi wanakoanguka ni kwenye kuhesabu saa. Saa za waajiri wote hujumlishwa: 16 za dukani na 12 za kupeleka chakula ni 28, tayari amevunja sharti, na hakuna mwajiri anayejua za mwenzake. Mwanafunzi aandike mwenyewe kwenye daftari, kila zamu. Haruhusiwi kuanza kazi kabla masomo hayajaanza, kwa hiyo "fika Julai uchume kabla ya Septemba" ni uongo. Akipunguza masomo yasiwe ya muda wote, kazi isimame, isipokuwa ni muhula wa mwisho. Akizidisha saa anaweza kupoteza hadhi ya mwanafunzi, na maombi yake ya baadaye yakakataliwa. Anayelipwa kwa bahasha bila karatasi ya mshahara ndiye anayeumia zaidi, maana akidhulumiwa anaogopa kushtaki asijifichue. Na kazi aliyofanya akiwa mwanafunzi wa muda wote haihesabiwi kwenye ukaazi wa kudumu kwa njia ya uzoefu wa kazi Kanada.

Halafu kuna hii biashara ya pesa ya kuonyesha. Wakala anamkopesha mzazi kwa riba, pesa zinalala kwenye akaunti siku chache, kisha zinaondoka. Maombi ya kibali cha kusoma yanataka taarifa za benki za miezi 4, na pesa zilizoingia jana zinaonekana. Kudanganya kwenye maombi kunaweza kumfungia kijana Kanada kwa miaka 5.

Naomba msahihishe taarifa hiyo kwenye ukurasa uleule. Na kila tangazo la wakala mnalolichapisha liwe na kisanduku, kwa herufi za ukubwa uleule wa neno "Kanada", chenye mambo manne: saa zinazoruhusiwa kwa wiki, kima cha chini cha mshahara wa jimbo husika, pesa za kujikimu zinazodaiwa, na tarehe takwimu hizo zilipokaguliwa. Wakala asiyekubali kisanduku, mrudishieni pesa zake.

Mshauri wa wanafunzi,
Jinja