Nyanya fupi kwenye ndoo

Mhariri,

Asiye na shamba hapa Mombasa aweza kupanda nyanya fupi kwenye ndoo ya lita 10 iliyotobolewa chini. Sia mbegu mwezi Mei, kina cha nusu sentimita, ili maua yatoke Julai kukiwa na ubaridi. Joto la Februari huyapukutisha. Machipukizi ya aina hii yasikatwe, ndiyo yanayozaa.

Tunda likiota doa jeusi lililobonyea kitakoni, wengi hukimbilia dawa ya kupuliza. Bure kabisa! Tunda limekosa kalsiamu kwa sababu mmea hunyweshwa leo maji mengi, kesho hakuna. Na jamani, maji ya kisima yenye chumvi tusiyatumie: huunguza kingo za majani.

Mkulima wa nyumbani,
Mombasa