Barua kwa mwanangu: ya uzeeni anza kuyafanyia mazoezi sasa hivi

Mwanangu Baba Neema,

Salamu ushazipata kwenye simu sizirudii. Nakuandikia kwa sababu juzi nimegusia tu mambo ya kustaafu ukanijibu "mama hayo si bado miaka 28" ukacheka ukahamia kwenye mpira, na mimi kwenye simu kubishana na wewe siwezi, salio linakata na baba yako naye anadakia pembeni. Kwahiyo nimekaa nimeandika, soma yote usiruke.

Hiyo 28 umehesabu sawa, una 32 na kwa lazima ni 60, kwa hiari 55. Ila kuna hesabu nyingine hujaipiga. Chukua mfanyakazi anayechangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kama wewe, wastani wa mshahara wake milioni moja, amechangia miaka 30 bila kukatika. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, kilivyo sasa unachukua miezi yake 360 unagawa kwa 580, unazidisha na mshahara wa mwaka mzima ambao ni milioni 12, unapata kama milioni saba na laki nne na nusu, hiyo ndo pensheni yake ya mwaka. Asilimia 35 ya hiyo inazidishwa na 12.5 anapewa mkupuo, inakuja kama milioni 32 na nusu, na ile 65 iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12. Kama laki nne kwa mwezi. Mtu alikuwa anapokea milioni sasa anapokea laki nne, na bei ya sukari ya miaka ya 2050 hakuna anayeijua.

Na kikokotoo chenyewe hakitulii. 2018 mifuko ya pensheni inaunganishwa ilitoka kanuni ya mkupuo asilimia 25, wafanyakazi wakapiga kelele, Desemba ile ile Rais Magufuli akaisimamisha, 2022 ikaja 33 kwa wote, bajeti ya 2024 ikasogezwa, 35 kwa kundi lenu na 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wanapata 50. Mpaka ufike wewe itakuwa imebadilika mara ngapi sijui, inaweza kupanda inaweza kushuka, ndo maana usipange maisha kwa namba ambayo kalamu yake anashika mtu mwingine.

Kitu cha kwanza nataka ufanye ni kidogo sana, ingia kwenye mfumo wa NSSF uangalie taarifa ya michango yako mwezi kwa mwezi. Kwenye mshahara unakatwa asilimia 10 na mwajiri anatakiwa aongeze 10, sasa waajiri wengine wanakata hela ya mtu na hawaipeleki, mtu anakuja kujua siku ya kufuatilia mafao kwamba kuna miaka mizima haipo na kampuni yenyewe ilishafungwa mwenye kampuni hapatikani. Pensheni inataka miezi 180, yaani miaka 15, ukiwa na mashimo katikati utakuja kuomba omba barua maofisini na fimbo mkononi. Mwajiri yule wa kazi ya zamani hakikisha michango yake nayo inasoma, maana ulihama hukuaga vizuri.

Sasa nije kwenye lenyewe lililonifanya niandike. Mimi nimekaa wodini miaka mingi nimewaona wenzangu wanastaafu mmoja mmoja, na kinachowamaliza wengi sio udogo wa mafao. Ni kwamba mtu anajifunza biashara kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60 na ada ya kujifunzia ni kiinua mgongo chote. Kuna mwenzangu mmoja, simtaji, hajawahi kufuga hata kuku mmoja, kapata mkupuo kajenga banda kubwa kuliko nyumba yake kaleta vifaranga mia tano kwa mpigo. Kideri kikapita wiki moja. Vyote. Alikuwa hajui kwamba kuku wana chanjo ya kideri yenye ratiba yake, nesi mzima ambaye amechanja watoto wa wilaya nzima! Mwingine alinunua Noah akampa kijana wa dukani kwake aiendeshe amletee hesabu kila jioni, mwezi wa kwanza hesabu inakuja, wa pili inakuja nusu, wa tatu gari liko gereji linadai injini. Hao wote sio wajinga, ni watu wenye akili sana kazini kwao, ila biashara ina makosa yake ambayo lazima uyafanye, na yafanye ukiwa kijana yakugharimu elfu hamsini sio milioni thelathini.

Kwahiyo nachokwambia mimi ni hivi, chochote unachodhani utakuja kukifanya uzeeni anza kukifanya sasa hivi kidogo kidogo huku mshahara unaingia. Unasemaga unataka kufuga, haya fuga kuku kumi hapo uani Kimara. Wakifa wote utakuwa umejua mwenyewe kwa nini, na mwezi ujao mshahara unaingia kama kawaida. Na kama baada ya mwaka utagundua kuku wanakuudhi, harufu, kelele, basi umeokoa kiinua mgongo chako chote kwa bei ya kuku kumi.

Parachichi zetu hizi unazozisifia ukija, lile shamba nimenunua nikiwa bado kazini na miche ya Hass nimeweka michache kwanza nione, maana ule wa kubebeshwa nao unataka kama miaka mitatu ndo uanze kukupa kitu cha maana, sasa mtu anayepanda siku ya kustaafu anakula nini hiyo miaka mitatu? Watu hapa Njombe wamesikia parachichi ni dhahabu ya kijani wakamwaga mafao yote shambani alafu wakaanza kuuza mashamba yakiwa yanakaribia kuzaa, kwa sababu hela ya palizi imeisha. Na hesabu za kwenye grupu za watsapu, eka moja mara miti kadhaa mara kilo kadhaa mara bei, hizo ziache huko huko kwenye grupu.

Upande wa hela, sikufundishi kazi ya benki unayoijua kuliko mimi, ila ukitaka ushauri wa mtu aliyekwisha vuka mto nitasema vitatu. Hati fungani za serikali za Benki Kuu, yaani unaikopesha serikali, unaanzia milioni moja, zipo za miaka mpaka 25, riba inakuja kila miezi sita. Ukinunua ya miaka 25 ukiwa na 32 inaiva ukiwa na 57, yaani hela yako inakurudia mezani wakati wenzako ndo wanaanza kuhangaika. Ile riba ya miezi sita usile, nunua nayo vipande vya UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, unalipa kwa simu hata ukiwa na hela ndogo. Na huko UTT kuna mfuko wa Hatifungani wenye mpango wa kukupa gawio kila mwezi, huo utakuja kuupenda ukistaafu maana mwili umeshazoea mwisho wa mwezi kusikia meseji ya hela. La tatu ni nyumba, malizia ukiwa kazini. Kiinua mgongo kikikutana na msingi na tofali hakitoki hapo.

Alafu weka pembeni hela ya miezi kama sita ya kula tu. Mshahara unakatika tarehe yake, pensheni ya kwanza inaweza kuchelewa na makaratasi, na hapo katikati ndo watu wanaingia kwenye mikopo ya kausha damu. Na hapo hapo ndo simu zinaanza, "mzee mafao yako yako tayari tuma kiasi fulani tukukamilishie faili", sauti nzuri kabisa, jina lako lote wanalo. Wakishindwa hao wanakuja ndugu wenye mawazo ya biashara, wakishindwa ndugu wanakuja wa kupanda mbegu. DECI, ule upatu, unaikumbuka? Ulikuwa mdogo, 2009, nchi nzima ilikuwa inapanda inangoja kuvuna, serikali ikaisimamisha viongozi wakaishia mahakamani. Jina linabadilika tu, watu ni wale wale.

Sasa la furaha, maana mnadhani uzee ni hela tu.

Baba yako alipostaafu ualimu mkuu, wewe ulikuwa mbali hukuona. Saa kumi na moja alfajiri ameamka, amenyoa, amevaa shati na tai, anakaa sebuleni. Hana pa kwenda. Akaanza kuendesha nyumba kama shule, anauliza sukari imeishaje, anakagua vyombo, dada wa kazi akataka kuondoka. Na hela ilikuwepo! Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia "mwalimu tunakusubiri". Nashukuru kikundi chetu cha vikoba kilikosa katibu nikalitaja jina lake, leo hii daftari zetu hata mkaguzi angezionea wivu, faini za kuchelewa anatoza mpaka mimi mkewe, jioni yuko kwenye bao pale kwenye mti, akirudi amefungwa ananuna, akirudi ameshinda hatulali.

Mimi nilikuwa na afadhali kwa sababu ya masweta. Nimeanza kufuma zamu za usiku, wodi ikitulia natoa sindano zangu, wenzangu wananicheka. Njombe na baridi hii ya Juni na Julai sweta halikosi mteja, na sasa nafuma ya shule, wasichana wawili wa mtaani wanakuja kujifunza, wananiletea na umbea wote, siku inaisha sijaiona. Hela yake sio kubwa, inatosha umeme na mboga. Lakini ukiniambia niache nikupe mara mbili yake nikae tu, sikubali.

Wewe una nini nje ya kazi? Nakuuliza kweli maana sijui. Nakuona ofisi, foleni, simu, mechi ya Jumapili kwenye kibanda umiza, basi. Ulikuwa unapiga gitaa kanisani vizuri sana mpaka mchungaji akawa anakusifia, liko wapi? Usiniambie utalirudia ukistaafu, vidole vya miaka 60 havijifunzi haraka hivyo. Na marafiki zako wote ni wa ofisini, hao siku ukirudisha kitambulisho getini wengi hawatakupigia, sio wabaya, ni kwamba mlichokuwa mnaongea kilikuwa ni kazi. Tafuta na wa mtaani.

Mama Neema msomee hii barua, asije kujua mambo ya hati fungani siku ya matanga kama wajane niliowaona. Majina yake yawekwe kwenye fomu za warithi kila mahali, na ya mtoto.

Taarifa ya michango ipige picha unitumie kabla ya Jumapili, baba yako ameshachonga penseli anasema kama kuna mwezi umerukwa anapanda basi anakuja kwa mwajiri wako mwenyewe, na unajua hatanii.

Mama yako