Samaki wa kilindini wachorwe kwa kipimo

Mhariri,

Vitabu vya picha vinavyowaeleza watoto viumbe wa kilindini vinapendeza, lakini vingi havina kipimo. Yule samaki mwenye taa kichwani huchorwa akajaza kurasa mbili, mtoto akadhani ni papa. Jike la aina inayochorwa sana halizidi shibiri moja, na dume ni dogo kuliko kidole. Mchoraji aweke kiganja cha mtoto kando ya kila kiumbe, basi.

Kina nacho kionyeshwe. Sentimita 1 kwa kila mita 100 yatosha: mwangaza wa jua hufifia karibu na mita 200, yaani kama pima 110, na giza totoro huanza mita 1,000. Rangi nyekundu hupotea mapema majini, ndiyo maana kamba mwekundu wa huko chini haonekani. Akichorwa aking'aa, maelezo yaseme kuwa ni taa ya kamera iliyommulika.

Kurasa nyeusi zichapwe herufi nyeupe nene. Nyembamba huzibwa na wino.

Na mbona silakanti, samaki wa kale, anakosekana? Alivuliwa karibu na Malindi hapa mwaka 2001! Mapezi yake manene kama viguu yanastahili ukurasa mzima.

Msomaji wenu,
Malindi