Saa za ndege ndizo saa za mahamri: nigawe vipi wiki tisa zilizobaki?

Shangazi, assalamu alaykum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Shela, hii ya Malindi, si ile ya Lamu. Kazi yangu ni kutembeza wageni, na nimeifanya miaka 11. Nguzo ya Vasco da Gama naweza kuieleza hata ukiniamsha usiku wa manane, na magofu ya mji wa kale wa Gede nimeingia mara zisizo na hesabu. Kitaliano nakisema, Kiingereza nakisema. Nisichokuwa nacho ni cheti. Mwenye kampuni anayenipa kazi ametuambia waziwazi kwamba kuanzia msimu ujao hatampa wageni mtu asiye na beji ya shaba, ile ya chama cha waongozaji wa safari, KPSGA, ambayo huipati mpaka ufaulu mtihani wa kuandika. Simlaumu, maana wageni wenyewe siku hizi huuliza. Nimejiandikisha, nimelipa, na kutoka leo zimebaki wiki tisa.

Utasema nina bahati, maana huu ni wakati wa mvua, hoteli nyingi zimefunga tangu Pasaka na wageni hakuna. Lakini wewe unaujua mwambao. Wageni wakiondoka, kusi nayo inaingia, bahari inachafuka, na mume wangu ni mvuvi. Kuna wiki ngarawa yake haitoki nje ya mwamba hata mara mbili. Pesa ya wageni na pesa ya samaki hukatika pamoja. Kwa hivyo kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba nyumba hii inaendeshwa na mahamri. Nakanda saa nne usiku, naamka saa kumi alfajiri kukaanga, na saa kumi na mbili niko kibarazani nauza na mbaazi za nazi mpaka saa tatu.

Nilipoanza kusoma niliona usiku unanitosha. Unga ukiumuka nina saa nzima na zaidi, nikae na kitabu. Nimejaribu. Nasoma ukurasa mmoja mara tatu, kisha nashtuka shavu liko mezani na unga umefurika sufuria. Wiki iliyopita niliandika kwenye kalenda kila dakika niliyokaa na kitabu. Zilitoka saa 14. Halafu nikajiuliza kwa haki, saa ngapi kati ya hizo nimesoma kitu nikakishika? Hazifiki tano.

Watoto wakienda chuoni, yaani madrasa, saa nane mpaka saa kumi, nyumba hutulia, na hizo ndizo saa mbili nzuri kuliko zote nilizo nazo. Tatizo ni kwamba ndizo pia saa ambazo mama mkwe wangu hupokea wageni wake. Tunakaa naye, ni mtu mwema, amenilelea watoto wote watatu. Wenzake wakija, mke wa mwana kama mimi hawezi kujifungia chumbani, lazima atoke, awaamkie, apike chai, akae kidogo. Na hicho kidogo, Shangazi, hakina mwisho. Siku moja nilitoka na kitabu mkononi nikakaa nao nikisoma. Hakuna aliyesema neno, lakini jioni mama aliniuliza kama wageni wake wamenikosea nini. Niliona aibu mpaka leo.

Na kuna kosa langu mwenyewe, ambalo naona limeniuma kuliko usingizi. Nilianza na historia kwa sababu naipenda. Nilisoma habari za Mekatilili wa Menza na vita vya Wagiriama, za twiga aliyepelekwa Uchina kutoka Malindi mwaka 1415, za James Kirkman aliyeanza kuchimbua Gede mwaka 1948, na jinsi Gede ilivyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Zikapita wiki tatu tamu kabisa. Kisha mwenzangu aliyekwisha kufaulu akanitungia maswali ya kujipima, 20 kwa kila somo. Historia nilipata 18. Ndege nilipata sita.

Ndege ndio wanaonitia hofu. Kenya ina aina zaidi ya 1,000, na mtihani ni wa Kiingereza. Sisi kwetu mnana ni mnana, umemaliza. Kitabuni mnana ni kurasa kwa kurasa, wote wa manjano, wote kama ndugu wa baba mmoja. Nimekata maboksi ya majani ya chai, nimeandika majina, nimeyabandika nyuma ya mlango wa jikoni. Nayasoma kila siku na kila siku yananitoka.

Ila juzi, asubuhi kumeshapambazuka, nikisukuma mahamri ya mwisho, nilimwona dume mmoja akishona kiota kwenye mnazi wa uani. Nikamtazama vizuri: kichwa cha rangi ya chungwa, jicho jeusi ti. Nikakimbilia kitabu na mikono yangu ya unga. Golden Palm Weaver! Alama za vidole vyangu ziko kwenye ukurasa ule hadi sasa, na jina lile halijanitoka tena. Hapo ndipo nilipojua kwamba mimi siwezi kuwasoma ndege mezani, lazima niwaone. Huyo mwenzangu amejitolea kunipeleka msitu wa Arabuko-Sokoke kila Jumamosi bila malipo, tukamtafute yule mnana ambaye hapatikani popote duniani ila katika kaunti yetu hii ya Kilifi, na sange mwenye nyonga za dhahabu, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, na hori ya Mida tukatazame ndege wa majini. Lakini ndege hutazamwa alfajiri mpaka saa mbili, tatu, jua halijawa kali. Saa za ndege ndizo saa za mahamri. Nikiacha Jumamosi moja, nimeacha siku ninayouza zaidi kuliko zote.

Sasa kumekuja jambo jingine. Kampuni imenipigia simu: familia ya Kitaliano inakwenda Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, siku kumi, na wananitaka niende kama mkalimani pamoja na mwongozaji mkubwa mwenye beji ya fedha. Malipo yake yanamaliza karo ya kifungua mimba wangu yote. Tutarudi siku tano kabla ya mtihani. Upande mmoja naona ni darasa la kulipwa, siku kumi za wanyama na ndege pamoja na mtu anayewajua. Upande mwingine nazijua safari: usiku ni wa wageni mpaka walale, kitabu hukifungui. Mimea na sheria za mbuga sijazigusa kabisa, na nilikuwa nimeziwekea siku hizo hizo za mwisho.

Mume wangu anasema niende, na kwamba kuanzia kesho atakanda yeye. Nimemshukuru, lakini sijui kama wateja watayala.

Nisaidie, Shangazi. Niiache safari au niichukue, na nikiichukua, niyasome lini yaliyobaki? Je, nifunge biashara Jumamosi kwa ajili ya msitu? Na zile saa mbili za mchana, nimwambie vipi mama mkwe kwamba nazihitaji, bila kumfanya ahisi nyumba yake imefungwa mlango? Kampuni inataka jibu kabla ya Ijumaa ijayo.

Mama wa mahamri,
Malindi